Ramani ya Elektroni za Shaba

Kazi yangu ni kuendesha hadubini inayochora ramani ya elektroni zinazotoka kwenye uso wa metali. Nikiwa likizo nyumbani Mtwara, fundi umeme mmoja wa Shangani alinionyesha waya wa shaba ulioota kutu ya kijani kwa upepo wa bahari, akaniuliza, "Kaka, hadubini yenu ingeona nini humu?" Nilimjibu kwamba ingeona kutu tu.

Metali ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, elektroni huruka kutoka ndani yake. Einstein alieleza sababu mwaka 1905: kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, huipa elektroni moja nishati yake yote. Taa yetu ya heli hutoa fotoni za elektrovolti 21.2 (elektrovolti ni kipimo cha nishati), hivyo tukipima nishati ambayo elektroni imebaki nayo, tunajua ilikuwa imeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Tatizo ni kwamba elektroni zinazotoka bila kugongana njiani hutoka katika kina cha takriban nanomita 1 tu. Kwa hiyo badala ya waya tunatumia fuwele moja ya shaba, tunaisugua kwa ayoni za agoni, tunaipasha moto, na tunaihifadhi katika ombwe kali mno, kwani hata shinikizo likiwa sehemu moja kwa bilioni ya hewa tunayovuta, gesi iliyobaki huweza kuufunika uso wote kwa sekunde chache.

Utamu wa kazi uko kwenye lenzi. Ukisimama Mikindani mashua zikitoka ghubani, unaweza kuandika kila moja iko wapi, au inaelekea wapi na kwa kasi gani. Hadubini yetu huweza yote mawili: nyuma ya lenzi ya kwanza, penye fokasi yake, elektroni zenye nishati moja zilizotoka kwa uelekeo mmoja hukutana kwenye nukta moja, hata kama zilianzia sehemu tofauti za uso, na picha ya hapo si ya mahali bali ya momenta, yaani uelekeo na ukubwa wa mwendo wa elektroni. Kwa kuwa atomu za fuwele zimejipanga kwa utaratibu, momenta iliyo sambamba na uso haipotei elektroni inapotoka.

Kwa shaba, elektroni za nishati ya juu kabisa huchora tufe lenye shingo nane, umbo ambalo mwanafizikia Brian Pippard alilitambua mwaka 1957 kwa kupima ukinzani wa uso wa shaba kwa mawimbi ya maikro, bila picha yoyote. Hadi leo namhusudu. Tukishuka elektrovolti 2 hivi, ramani hujaa ghafla elektroni za mizingo ya d, aina mojawapo ya maeneo ya elektroni katika atomu. Kwa kuwa ziko chini kiasi hicho, mwanga wa buluu na wa kijani huweza kuzipandisha, ila mwekundu hauna nguvu hiyo na hurudishwa, nao ndio wekundu aliokuwa akiutafuta yule fundi alipokwangua waya wake kwa kisu.