Ualimu wa Bayolojia hauishii ubaoni

Imezoeleka Unguja na Pemba kusikia kwamba aliyesomea ualimu wa Bayolojia hana njia ila kusubiri ajira ya Serikali, na akiikosa basi masomo yake yamepotea. Dhana hii inasahau kwamba mtu huyo amesoma mambo mawili kwa pamoja: sayansi ya viumbe hai, na namna ya kumfanya mtu mwengine aielewe.

Ujuzi huo wa pili ndio adimu zaidi, na ndio unaohitajika nje ya darasa. Katika Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambako wageni huja kumtazama kima punju, anayeweza kueleza maisha ya mnyama huyo na ya mikoko kwa lugha nyepesi ana kazi ya kufanya. Kadhalika katika kisiwa cha Chumbe, ambako wanafunzi wa skuli hupelekwa kujifunza juu ya matumbawe. Ipo pia kazi ya mitaala na vitabu katika Taasisi ya Elimu Zanzibar, na ya kuelimisha jamii kuhusu maradhi kama kichocho, ambayo Pemba si mageni.

Hata hivyo, wapo wanaokosea upande wa pili, wakidhani shahada hiyo inamruhusu mtu kupima damu hospitalini. Hairuhusu: ufundi wa maabara ya tiba una mafunzo na usajili wake, na anayeutaka hana budi kuusomea. Utafiti wa bahari au kilimo nao mara nyingi hudai shahada ya uzamili.