Kobe uani na kinga ya mwili iliyopungua: dhana potofu na ukweli

Katika nyumba nyingi za Dodoma kobe hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa. Yupo tu. Aliokotwa wakati wa mvua, pembeni ya barabara ya Kondoa au shambani Kongwa, watoto wakampenda, na sasa anazunguka uani akila maganda ya tikiti na majani ya mchicha. Hapigi kelele, hang'ati. Ndiyo maana mtu anayeishi na VVU, anayetumia dawa za saratani au aliyepandikizwa figo anaweza kukaa naye miaka, akahudhuria kliniki bila kukosa, na suala la kobe lisitajwe hata siku moja, ingawa kobe anaweza kumwambukiza Salmonella, bakteria wanaoleta kuharisha na homa. Hapa chini nimekusanya maneno ambayo watu huyasema kuhusu kobe wao, na ukweli ulivyo.

"Kobe wangu ni mzima kabisa."

Ni mzima kweli. Bakteria aina ya Salmonella hukaa kwenye utumbo wa kobe, mijusi, vinyonga na nyoka bila kuwadhuru. Kobe hula vizuri, gamba lake hung'aa, na bado anawatoa wadudu hao kwenye kinyesi. Wala hawatoi kila siku. Leo wapo, wiki ijayo hawaonekani. Kwa hiyo hata kinyesi chake kikipimwa na majibu yakawa safi, majibu hayo ni ya kinyesi cha siku ile tu. Wapo pia wanaomnunulia antibaiotiki kwenye duka la dawa za mifugo ili "kumsafisha". Dawa haimsafishi. Inapunguza wadudu kwa muda na kubakiza wale sugu, na hao ndio watakaomsumbua daktari siku mtu wa nyumba hiyo akiugua. Mchukulie kila kobe kuwa anao, basi.

"Mimi simgusi, wanaomshika ni watoto."

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu anayeisema anaamini kwa dhati kwamba amejikinga.

Januari 1996, kwenye bustani ya wanyama ya Denver, Marekani, waliwekwa mijusi wakubwa wa Komodo kwa maonyesho ya siku chache. Makumi ya watu waliugua Salmonella, wengi wao watoto, na wachunguzi walibaini kuwa hawakuwa wamewagusa mijusi. Walishika uzio wa mbao uliozunguka banda. Mijusi walikanyaga kinyesi chao, wakaweka miguu juu ya mbao, watoto wakashika mbao, kisha wakala. Walionawa mikono baada ya kutoka pale walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuambukizwa.

Sasa turudi kwenye ua wetu. Maji ni ya mgao, kila tone lina kazi. Kuna beseni la plastiki ambalo kobe huingizwa anywe na kupoa mchana wa jua kali. Kobe akikaa majini ana tabia ya kujisaidia humo humo, kwa hiyo yale maji ndiyo mahali wadudu wanapojaa kuliko popote pale nyumbani. Jioni maji yanamwagiwa mchicha ili yasipotee bure, na beseni linasuuzwa juu juu na kuoshewa nyanya, maana ndilo lililo karibu. Mwenye kinga ndogo hajamgusa kobe tangu asubuhi. Anakula kachumbari.

Kobe awe na beseni lake, lisiingie jikoni wala lisioshwe kwenye sinki la vyombo au pale mnapoogea. Maji yake yamwagwe chooni au kwenye mti usioliwa majani wala matunda yaliyoanguka chini. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mwenye afya njema. Akimaliza anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi. Sanitaiza ni ya kushikizia pale ambapo maji hayapo kabisa, kwani kwenye mikono yenye vumbi na uchafu haifanyi kazi inavyopaswa. Na kobe asiingie ndani, asipite jikoni, asibusiwe.

"Jua la Dodoma linaua kila kitu."

Jua linasaidia, ila haliui vyote. Salmonella huvumilia ukavu, na ndani ya kinyesi kilichokauka kivulini huishi wiki hata miezi. Kiangazi, upepo unapovuma, kufagia ua pakiwa pakavu kunatimua vumbi hilo na kulitua kwenye vyombo vilivyoanikwa kichanjani. Nyunyiza maji kidogo kwanza, ndipo ufagie.

"Salmonella si ni taifodi tu? Nitanunua dawa."

Taifodi ni ya jamii hiyo, ila mdudu wake huishi kwa binadamu peke yake. Kobe haleti taifodi. Huleta Salmonella za aina nyingine, ambazo kwa mtu mwenye kinga imara huishia kwenye kuharisha, homa na tumbo kusokota kwa siku 4 hadi 7, kisha mwili unajimudu wenyewe. Kwa mwenye kinga iliyopungua mambo hubadilika: wadudu hutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye damu. Hapo anaweza kuwa na homa kali na asiharishe kabisa. Kila mtu atafikiria malaria.

Kipimo cha Widal, ambacho kwetu hutumika sana kusema mtu "ana taifodi", hakiwezi kumaliza shaka hii. Kinatafuta kingamwili, si mdudu mwenyewe. Kinachohitajika ni kuotesha damu maabara ili kuona ni mdudu gani anayekua humo, tena kabla hujameza antibaiotiki ya kununua dukani. Homa ikikushika nawe una kinga ndogo, nenda kituo cha afya na umweleze daktari waziwazi: "Nyumbani tuna kobe." Maneno hayo yanaweza kubadilisha vipimo atakavyoandika.

"Kinga ndogo ni habari ya VVU. Mimi sinayo."

Walio na kinga iliyopungua ni wengi kuliko tunavyodhani. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa jijini inapandikiza figo, na kila aliyepandikizwa huendelea kumeza dawa za kutuliza kinga ili mwili usiikatae figo mpya. Kuna wanaotibiwa saratani, wanaotumia prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hushusha kinga) kwa muda mrefu, wenye kisukari, wazee waliovuka miaka 65 na watoto wasiotimiza 5. Mtoto mchanga anayetambaa kwenye ua huohuo ndiye ninayemhofia zaidi.

Watoto wenye selimundu, au sikoseli, wana lao. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Wengu wao, kiungo kinachousaidia mwili kupambana na wadudu, hudhoofika mapema, na Salmonella ni mmoja wa wadudu wakuu wanaoshambulia mifupa yao. Mzazi akiona mguu umevimba na unauma husema ni yale maumivu ya kila siku. Maumivu yakikaa sehemu moja, na homa juu yake, asisubiri nyumbani.

Jambo moja husahaulika: dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole, hupunguza kizuizi cha kwanza ambacho Salmonella hukutana nacho. Ukizitumia kila siku, nawe jihesabu.

"Nameza ARV vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi."

Hongera, na usiache hata siku moja. Dawa za kufubaza virusi ndizo zinazopunguza zaidi hatari ya Salmonella kuingia kwenye damu na kurudia. Salmonella inayorudi mara kwa mara kwenye damu huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani miongoni mwa dalili za hatua ya nne ya VVU, yaani ya mwisho, hivyo si jambo dogo. Hata hivyo ushauri wa kitaalamu kwa wanaoishi na VVU bado ni kuepuka kushika wanyama watambaao. Vifaranga nao wamo kwenye onyo hilohilo.

"Basi nimtupe porini."

Hapana. Ni kweli kwamba nyumba yenye mtu wa kinga ndogo haifai kuwa na kobe, na kama bado hujamchukua, usimchukue. Lakini kobe aliyekaa uani miaka akiachiwa popote anaweza kufa, au akapeleka magonjwa kwa kobe wa porini. Zaidi ya hayo, kobe ni wanyamapori, na kuwafuga kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Yule kobe bapa anayeishi kwenye nyufa za miamba ya ukanda wetu wa kati hutaga kwa kawaida yai moja kwa wakati, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imewekewa zuio kali kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Wasiliana na ofisi iliyo karibu ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, wakuelekeze pa kumpeleka. Wakati unasubiri, mzungushie uzio mbali na jiko, kisima na bustani ya mboga, na mwenye kinga ndogo asishughulike naye.

"Sisi hatufugi. Hao ni mijusi wa ukutani tu."

Mijusi wa ukutani nao hubeba Salmonella, ingawa hakuna anayewashika. Huna haja ya kuwafukuza. Funika chakula na ndoo ya maji ya kunywa usiku, na vile vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyeupe ukivikuta mezani, vifute kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya kuandaa chai, kisha unawe.