Kabla hamjauza kiwanja: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu chemba ya oksijeni

Mjomba wangu alifika mahali pa kutafuta mnunuzi wa kiwanja chake. Mama mdogo alikuwa na donda kisiginoni, kisukari kimemkaa miaka kumi na ushee, na mtu alikuwa amemtumia mjomba video ya mgonjwa aliyelala ndani ya pipa la kioo. Maneno ya chini yalidai kwamba oksijeni ya humo inaponya kila donda, inaua saratani na inafungua akili ya mtoto. Alinipigia simu usiku.

“Mpwa wangu, wewe ndiye nesi wetu. Niuze au nisiuze?”

“Shikamoo, mjomba. Usiuze kwanza.”

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali ya namna ileile na watu wengi. Tiba hii ya kuvuta oksijeni ndani ya chemba, yaani chumba au pipa lililofungwa na kupandishwa shinikizo la hewa, ni ya kweli na imeokoa maisha. Ndiyo sababu naumia nikiona inavyouziwa wagonjwa wasiofaidika nayo.

“Ni oksijeni ileile ya mtungi wa wodini”

Oksijeni ni ileile. Kinachobadilika ni shinikizo, na shinikizo ndilo dawa. Damu ya mtu mwenye afya hubeba kama mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100, karibu yote ikiwa imeshikwa na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Inayoyeyuka katika maji ya damu ni mililita 0.3 hivi. Ukimvalisha mtu huyo barakoa, himoglobini iliyokwisha kujaa haiongezeki kitu, kama daladala ambayo hata mlangoni watu wananing’inia. Lakini mwingize ndani ya chemba, pandisha shinikizo hadi mara tatu ya lile tunaloishi nalo, avute oksijeni tupu, na ile 0.3 itafika karibu 6. Kiasi hicho kinakaribia kuutosha mwili uliotulia, hata kama himoglobini isingefanya kazi.

Daktari mpasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alilionyesha hilo katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1960. Aliwatoa nguruwe karibu himoglobini yao yote, akawawekea majimaji mahali pa damu, nao wakaishi ndani ya chemba. Ndiyo maana upungufu mkubwa wa damu kwa mgonjwa asiyeweza kuongezewa damu, wakiwemo wanaokataa kwa imani yao, umo miongoni mwa hali zinazokubalika kutibiwa hivi.

Kwa kawaida shinikizo la tiba ni mara 2 hadi 3 ya lile la kawaida, kwa dakika 90 hadi 120 kila awamu. Watu wa pwani wataelewa upesi: kila mita 10 unazozama baharini huongeza shinikizo sawa na lile la hewa tunaloishi nalo. Aliye kwenye chemba yenye shinikizo la mara 2.4 ni kama aliyezama mita 14, ila hajalowa. Vile vibegi laini vya kujaza upepo vinavyotangazwa mtandaoni hufika kama 1.3, yaani mita 3 za maji. Mwenye kibegi cha namna hiyo hana haki ya kujisifu kwa matokeo yaliyopatikana kwenye chemba ya chuma.

“Hiyo ni ya wapiga mbizi tu”

Wapiga mbizi wanaihitaji kweli. Anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji huyeyusha naitrojeni nyingi mwilini, na akipanda haraka hutoka viputo kama soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo huziba mishipa, viungo huuma, wengine hupooza. Vijana wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi wanaujua ugonjwa huu hata kama hawalijui jina lake. Chemba huvibana viputo vikawa vidogo, na oksijeni huisukuma naitrojeni itoke mwilini. Hapa hakuna dawa nyingine ya kushika nafasi yake.

Ila orodha ya madaktari wa fani hii ni ndefu zaidi ya hapo: viputo vya hewa vilivyoingia kwenye damu, sumu ya kaboni monoksidi (gesi itokayo kwenye jiko la mkaa), gangrini ya gesi (maambukizi yanayoozesha nyama upesi), viungo vilivyopondeka, maambukizi sugu ya mfupa, jipu la ubongo, baadhi ya majeraha ya moto, sikio lililokufa ghafla bila sababu, na madhara ya mionzi yanayojitokeza baadaye.

“Amelala na jiko la mkaa, mpe maziwa”

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyofunga madirisha na jiko likiwa ndani. Maziwa hayaondoi kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na hung’ang’ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoe mgonjwa nje mara moja, kisha mkimbize hospitali akapewe oksijeni ya barakoa bila kungoja chochote.

Angalieni hesabu. Akibaki kwenye hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka damuni kwa saa 4 hadi 6. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, nusu hiyo hutoka kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ndani ya chemba yenye shinikizo la 3, ni kama dakika 23. Lakini kuondoa sumu upesi si faida pekee. Wapo wanaozinduka, wanarudi nyumbani, halafu baada ya siku kadhaa au wiki wanaanza kusahau, kuchanganyikiwa, kutembea vibaya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa 152. Baada ya wiki sita, matatizo ya akili na kumbukumbu yalikuwa kwa asilimia 25 ya waliotibiwa kwenye chemba na asilimia 46 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Utafiti wa Australia wa mwaka 1999 haukuona faida hiyo, kwa hiyo madaktari bado wanabishana ni nani hasa apelekwe. Aliyepoteza fahamu na mama mjamzito ndio hufikiriwa mapema.

Na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni kisiwadanganye. Hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Kinaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa.

“Inaua vidudu, kwa hiyo kisu hakihitajiki”

Bakteria wa gangrini ya gesi hawapendi oksijeni, na ikiwa nyingi huacha kutengeneza sumu yao. Lakini nyama iliyokwisha kufa haina damu ya kupeleka oksijeni hiyo. Mpasuaji aikate, antibiotiki ziingie, na chemba iwe msaidizi. Anayekwambia usubiri upasuaji ili uanze na chemba anakupotezea saa ambazo mgonjwa hana.

“Inaponya donda lolote la kisukari”

Turudi kwa mama mdogo. Uswidi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2010: baada ya mwaka mmoja, madonda yalipona kabisa kwa asilimia 52 ya waliopata oksijeni ya chemba, na asilimia 29 ya waliowekwa kwenye chemba yenye hewa ya kawaida. Habari njema. Halafu mwaka 2018 Uholanzi ikatoa utafiti wa wagonjwa 120 ambao miguu yao pia ilikuwa na upungufu wa damu, na tofauti ya kuokoa mguu haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika. Kama theluthi moja ya waliopangiwa chemba hawakumaliza awamu zote, maana kwenda chembani kila siku kwa wiki nane ni kazi nzito kwa mtu anayeumwa.

Huko Marekani, bima ya serikali ya wazee hulipia tiba hii pale tu donda limeingia ndani hadi kwenye mfupa au jipu, na siku 30 za matibabu ya kawaida zimepita bila dalili ya kupona. Siku hizo 30 ndizo nilizomwomba mjomba. Mama mdogo alipimwa mishipa ya mguu, donda likasafishwa hadi nyama hai, akapewa kiatu cha kuondolea kisigino uzito, sukari ikashikwa. Shida yake kubwa ilikuwa kukanyagia donda kila siku akienda sokoni. Lilifunga kwa miezi minne. Kama mshipa ungekuwa umeziba, ungehitaji kuzibuliwa kwanza, maana oksijeni haipiti palipozibwa.

“Saratani huogopa oksijeni”

Hakuna ushahidi kwamba chemba inatibu saratani. Inachofanya ni kuwasaidia baadhi ya waliopona saratani. Mionzi huua uvimbe, lakini miaka kadhaa baadaye mishipa midogo ya eneo lile inaweza kunyauka, na mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi akaanza kukojoa damu. Kwa kibofu kilichoharibiwa hivyo, utafiti wa nchi za Nordic wa mwaka 2019 ulionyesha nafuu. Oksijeni huchochea mishipa mipya kuota, na hilo huhitaji awamu 30 hadi 40.

Na ile ahadi ya kufungua akili ya mtoto? Kwa watoto wenye usonji (autism), tafiti zilizokusanywa hazikuonyesha mtoto kunufaika, na baadhi waliumia masikio. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi mwaka 2013 kuhusu wauzaji wa namna hii. Wala si jambo geni: mwaka 1928 daktari Orval Cunningham alijengewa mjini Cleveland, Marekani, mpira wa chuma wenye kipenyo cha futi 64 na vyumba vya kulala, atibu humo kisukari, kaswende na saratani kwa hewa iliyoshindiliwa. Chama cha madaktari kilimdai ushahidi, hakuutoa. Mwaka 1942 chuma chake kiliuzwa kuwa chakavu cha vita.

“Oksijeni haina madhara”

Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba oksijeni ya shinikizo kubwa huleta degedege. Leo hutokea kwa nadra, kwa sababu mgonjwa hupewa mapumziko ya kuvuta hewa ya kawaida katikati ya awamu. Masikio kuuma ndilo lalamiko la kila siku. Macho yanaweza kuona mbali kwa ukungu kwa wiki kadhaa, na sukari ya mgonjwa wa kisukari inaweza kushuka. Mwenye hewa iliyovuja kifuani nje ya pafu haruhusiwi kuingia kabisa mpaka atibiwe.

Kikubwa ni moto. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huifanya cheche ndogo kuwa tanuri. Oktoba 1997 watu 11 walikufa ndani ya chemba ya hospitali moja Milan, moto ukianzia kwenye kifaa cha kupashia mikono joto. Januari 2025 mtoto wa miaka mitano alifia chembani kwa moto katika kliniki moja ya Michigan, Marekani. Mgonjwa huingia na nguo za pamba alizopewa pale pale, hajapaka mafuta mwilini wala nyweleni, hana kiberiti, saa wala simu. Mkifika mahali mhudumu akasema ingia tu na simu yako ujiburudishe, mshikeni mgonjwa wenu mkono mwondoke naye.