Kilomita 15 za bahari, na nani azisemee: wavuvi wadogo wa Ufilipino

Mvuvi wa ngalawa wa Kilwa au Mafia akishushwa leo ufukweni Zambales, kaskazini-magharibi ya Manila, chombo cha kwanza atakachokiona hakitamshangaza. Bangka ya Ufilipino ni nyembamba, ndefu, ina matengo pande zote mbili. Wenyewe huyaita katig, na mara nyingi ni mianzi iliyofungwa kwa kamba za nailoni. Undugu huo una historia. Wataalamu wengi wa mambo ya bahari wanaamini kwamba ngalawa yetu ilirithi matengo yake kutoka kwa mabaharia wa visiwa vya Asia waliovuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska na Komoro.

Kwa hiyo habari za wavuvi hawa zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Nchi yao ni ya visiwa zaidi ya 7,600, na wavuvi waliomo kwenye daftari la serikali wanazidi milioni 2. Hata hivyo, kwa takwimu rasmi za mwaka 2021, kundi la wavuvi ndilo lililoongoza kwa umaskini: asilimia 30.6 kati yao walikuwa maskini, wakati kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 18.1. Anayelisha nchi samaki ndiye anayelala na njaa. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini hali iko hivyo ingawa sheria za nchi hiyo zinamtaja mvuvi mdogo kwa jina, tena kwa wema.

Tuanze na sheria zenyewe. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987, iliyoandikwa baada ya utawala wa Ferdinand Marcos kuangushwa mwaka 1986, inaitaka serikali ilinde haki ya wavuvi wadogo kutangulizwa katika matumizi ya maji ya jamii zao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991 na Sheria ya Uvuvi ya 1998, iliyorekebishwa mwaka 2015, zikaweka kipimo. Maji ya kilomita 15 kutoka ufukweni yako chini ya halmashauri za miji ya pwani, na anayetangulizwa humo ni mvuvi wa chombo kisichozidi tani 3. Chombo kikubwa kuliko hicho kinahesabiwa kuwa cha biashara, na mahali pake ni nje ya mstari. Upo mlango mmoja mdogo. Halmashauri ikipenda, inaweza kuruhusu vyombo vya biashara vidogo na vya kati viingie kati ya kilomita 10.1 na 15, mahali ambapo kina kinafikia pima 7 au zaidi, lakini baada ya kuwashauri wavuvi na kusikiliza wananchi hadharani.

Kwa nini wavuvi wanapigania mstari usioonekana juu ya maji? Fikiria usiku wa giza, mwezi haujatoka. Mwenye bangka ametega nyavu zake kilomita chache kutoka kijijini. Upande wa bahari kuu zinawaka taa kali, nyeupe, kana kwamba mji umeota juu ya maji. Kila anayevua kwa karabai anajua maana yake: dagaa na samaki wadogo wanaifuata taa, wakubwa wanawafuata wadogo, kisha nyavu ya kuzungusha inafungwa kutoka chini na kuwabeba wote. Sheria imekataza taa hizo kali ndani ya maji ya halmashauri. Zikiingia, alfajiri mwenye bangka atarudi na mafuta yameisha na kapu halijafika nusu. Mkewe, ambaye kazi yake ni kuchambua samaki, kuwaanika na kuwapeleka sokoni, naye siku hiyo hana kazi. Tunapohesabu hasara za uvuvi tunamhesabu mwanamume aliye chomboni na kumsahau huyu, kosa ambalo hata sisi wataalamu tumelifanya kwa miaka mingi.

Sasa tuangalie jinsi mstari huo ulivyotikiswa. Kampuni ya uvuvi iitwayo Mercidar ilifungua kesi katika mahakama moja ya mjini Malabon kuupinga utaratibu huu. Desemba 2023 mahakama ikaipa ushindi: upendeleo wa mvuvi mdogo ndani ya kilomita 15 ukatajwa kuwa kinyume cha Katiba, na kampuni ikaruhusiwa kuvua humo mradi kina cha maji kisipungue pima 7. Serikali ilitaka kukata rufaa, ikachelewa. Agosti 2024 kitengo cha kwanza cha Mahakama ya Juu kikauacha uamuzi ule usimame.

Pima 7 ni kama mita 13. Katika nchi ambayo visiwa vyake vingi vinainuka wima kutoka baharini, unaweza kuzama kina hicho ukiwa bado unasikia jogoo wa kijijini wakiwika. Kwa maneno mengine, uamuzi ule ulitishia kumfungulia mwenye meli sehemu kubwa ya maji ya mvuvi mdogo.

Katika kesi hiyo walibishana kampuni na serikali. Wavuvi wenyewe hawakuwamo. Habari zilipotapakaa mwishoni mwa 2024 ndipo vyama vyao na watetezi wa bahari walipokimbilia mahakamani kuomba waingizwe kwenye shauri, na halmashauri za pwani zikaanza kupinga. Kwangu mimi hili ndilo funzo zito kuliko yote yaliyomo katika suala hili. Haki iliyoandikwa kwenye Katiba iliwekwa rehani na karani aliyepitiwa na tarehe, kwa sababu mwenye haki hakuwapo chumbani kusema, “Muda unakwisha, pelekeni karatasi.”

Je, chumbani huko wanaingiaje? Njia ya kwanza ni ya chini kabisa. Kila halmashauri ya pwani inatakiwa kuwa na baraza la usimamizi wa rasilimali za uvuvi na maji, lifahamikalo kwa kifupi kama FARMC. Msomaji wa Tanzania au Kenya alifikirie kama BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi ufukweni. Sheria inadai baraza hilo liwe na wawakilishi wa wavuvi wasiopungua 11, wanawake na vijana wakiwamo, ingawa 3 kati yao hutoka upande wa uvuvi wa biashara. Ni utaratibu mzuri na ninausifu. Udhaifu wake ni kwamba baraza linapendekeza na kushauri, halipitishi sheria ndogo. Madiwani wanaweza kusikiliza, wakashukuru, kisha wakaamua vingine.

Njia ya pili inaelekea bungeni. Katiba imetenga asilimia 20 ya viti vya Baraza la Wawakilishi kwa vyama vinavyochaguliwa kwa orodha. Katika bunge lililochaguliwa 2025 viti hivyo ni 63 kati ya 317. Sheria ya mwaka 1995 iliyoratibu uchaguzi huo inawataja wavuvi waziwazi pamoja na wakulima, wafanyakazi, watu wa asili, wanawake na wengineo. Mpiga kura anachagua mbunge wa jimbo lake, kisha anachagua orodha moja. Kwa mlango huo Fernando Hicap, kiongozi wa Pamalakaya, shirikisho la wavuvi lililoanzishwa 1987, aliketi bungeni kuanzia 2013 hadi 2016 kwa tiketi ya Anakpawis, mojawapo ya vyama hivyo vya orodha.

Mlango huo umezidi kuwa mwembamba kwa maskini. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisema mfumo ni wa waliosukumwa pembeni. Mwaka 2013 ikabadili msimamo: vyama vya kitaifa na vya kanda vikaruhusiwa kugombea bila kulazimika kuwakilisha kundi lolote la wanyonge. Wenye majina na fedha wakajaa. Katika uchaguzi wa 2025, wachunguzi wa kiraia wa nchi hiyo walieleza kuwa zaidi ya nusu ya orodha zilizokuwa kwenye karatasi ya kura hazikuwa na uhusiano wa kweli na makundi hayo. Mwaka huohuo Ronnel Arambulo wa Pamalakaya aligombea Seneti, ambako nchi nzima ni jimbo moja. Hakupata. Lakini mvuvi kusimama jukwaani na kueleza bei ya mafuta na taa za usiku mbele ya taifa zima si jambo dogo.

Kuna pia mambo yanayoipita halmashauri kwa mbali. Mwamba wa Scarborough, kilomita 220 hivi kutoka Luzon, kisiwa kilipo Manila, ulikuwa kimbilio la wavuvi wakati wa dhoruba na mahali pa samaki wakubwa. Tangu mvutano wa 2012 unashikiliwa na meli za China. Tarehe 12 Julai 2016, jopo la usuluhishi lililokaa The Hague liliamua kwamba China ilivunja sheria kwa kuwazuia wavuvi wa Ufilipino. Jopo liliieleza haki ya uvuvi wa jadi kuwa ni ya wavuvi na jamii zao wenyewe, bila kujali ni dola gani inayoumiliki mwamba, na likaitambua vilevile kwa wavuvi wa China. Hata hivyo, wavuvi wa Zambales na Pangasinan bado wanafukuzwa huko na meli za China kwa maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka kwenye mabomba.

Kwenye ghuba ya Manila adui ni kifusi. Familia za Taliptip, Bulakan, ziliondolewa kupisha uwanja wa ndege, na miradi mingine ya kufukia bahari ikasimamishwa na Rais Agosti 2023 baada ya kelele nyingi. Iliyosimamishwa kwa kauli inaweza kurudishwa kwa kauli, ndiyo maana vyama vya wavuvi vinadai katazo la kisheria.

Na bado kuna kazi ya chinichini isiyopata magazeti: kuchora mipaka. Halmashauri nyingi hazijapitisha sheria ndogo yenye nambari za ramani zinazoonyesha kilomita 15 zao zinaishia wapi. Walinzi wa kujitolea wa bahari, Bantay Dagat, ambao wengi wao ni wavuvi wenyewe, wanaweza kuifuata meli yenye taa usiku kucha kwa bangka ya injini ndogo na wakaifikia. Asubuhi mwanasheria wa kampuni anauliza swali moja tu: mlipotukamata, mpaka ulikuwa wapi? Mvuvi anaujua kwa kilima cha nyuma yake na rangi ya maji, lakini mahakama inataka nambari. Ndiyo maana katika vikao vya FARMC wavuvi wanalirudia ombi hilohilo kwa madiwani: ichoreni ramani, na siku ya kuichora tuwepo.