Je, wajua? Seva ya DNS hula muda wake mwingi ikingoja

Ukitaka kujiandikia seva ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, utumie lugha gani ya programu? Kwa muda mrefu nilijibu bila kusita: C. BIND, seva kongwe, imeandikwa kwa C. Karibu kila tovuti unayofungua huanza kwa kuulizia jina. Basi mwenye kujibu sharti awe mwepesi. Python, lugha nyepesi kuandika lakini nzito kukimbia, niliitupa bila hata kuijaribu.

Nilikosea, kwa sababu nilidhani kazi kubwa ni kujibu.

Mtazame muuza vipuri wa Luthuli Avenue, Nairobi. Unaulizia skrini ya simu. Hana, lakini hakuachi uende. "Ngoja kidogo," anamtuma kijana duka la jirani, huko anaelekezwa jengo jingine, na wewe umeegemea kaunta. Muuzaji awe na mikono mepesi namna gani, unachongoja ni miguu ya kijana. Seva inayotafuta majina ni vivyo hivyo: huuliza seva za mzizi, zilizo juu ya majina yote, ikaelekezwa kwa seva za .ke, kisha kwa seva ya mwenye jina. Hiyo ya mwisho ikiwa London, karibu kilomita 6,800 kutoka Nairobi, mwanga ndani ya nyuzi za kioo za kebo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 68, kama kebo ingenyooka kama rula. Hainyooki. Python, pamoja na uzito wake, kwa kawaida husoma swali lenyewe chini ya milisekunde 1.

Muuzaji mjanja huagiza skrini mbili, moja akaificha chini ya kaunta. Hiyo ndiyo akiba ya DNS, ila kila jibu huja na sekunde zake za kuishi. Skrini haiozi, labda ningesema maziwa.

Hayo ni ya ofisi ndogo. Seva inayopigwa maswali laki kadhaa kwa sekunde ni habari nyingine, hapo C au Rust, lugha nyingine yenye kasi, ina sababu. Na mara nyingi huhitaji kuandika chochote: seva zilizokwisha andikwa kama dnsmasq au Unbound zatosha, na CoreDNS, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, hupokea nyongeza zako.

Ukiandika, jihadhari na kioja hiki. Jina likishatajwa kwenye pakiti halirudiwi, baiti 2 husema "rudi kasome pale." Mtundu anaweza kuzielekeza zijisome zenyewe. Rust hukukinga na makosa mengi ya kumbukumbu ya kompyuta, lakini si na mzunguko huo. Lazima uhesabu hatua mwenyewe. Seva yangu ya C haikuhesabu. Niligundua feni ya laptopu ilipoanza kuvuma.