Malaika wangu anaitwa nani?

Jumamosi kwenye darasa la kipaimara hapa Moshi, nishaanza kukusanya vitabu vyangu niondoke, binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, hivi malaika wangu mimi anaitwa nani?" Nikamuuliza umelitoa wapi hilo, akasema kwenye grupu la WhatsApp la dada yake kuna mtu anawatajia watu majina ya malaika wao, unamtumia tarehe ya kuzaliwa na hela kidogo, anakurudishia jina. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana kazi yangu ya kila siku ni kufundisha Kiebrania na Kigiriki cha Biblia, na hao watoto nimewakaririsha amri zote kumi ila hili sijawahi kuligusa hata siku moja. Nikamwambia nitaandika, ndo hii sasa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiebrania ni mal'akh, Kigiriki ni angelos, na yote mawili maana yake ni aliyetumwa, mjumbe, basi, ndani ya neno hamna mabawa wala kanzu nyeupe. Fungua Mwanzo 32 uone. Mstari wa 1 Yakobo yuko njiani anakutana na malaika wa Mungu, mstari wa 3 anatuma wajumbe watangulie kwa Esau, pacha wake waliyekosana kwa ile ishu ya baraka. Kwenye Kiswahili unaona maneno mawili tofauti, malaika na wajumbe, kwenye Kiebrania ni neno lilelile, yamepishana mistari miwili tu! Mtafsiri ndo anaamua, huyu katoka juu mwite malaika, huyu kapanda ngamia mwite mjumbe. Agano Jipya hivyohivyo, wale wanafunzi wa Yohana Mbatizaji kwenye Luka 7:24 na wale wapelelezi wa Israeli waliopokelewa na Rahabu wa Yeriko kwenye Yakobo 2:25, Kigiriki kinawaita wote angelos. Na nabii Malaki, jina lake ni "mjumbe wangu". Sisi neno tumelipata kupitia Kiarabu, ambalo ni ndugu wa damu wa hilo la Kiebrania, ila kwetu likabaki na wa mbinguni na watoto wachanga tu, ndo maana tukisoma tunawaza aina ya kiumbe wakati kwenye maandiko hilo kwanza ni jina la kazi.

Na hiyo kazi unaijua, umeshaiona kwenye posa. Mshenga akifika ukweni hasemi "kuna kijana fulani kanituma niwaambie anampenda binti yenu", anasema tumeona ua humu ndani, tumelipenda, tumekuja kuliomba, yaani anaongea kama anaoa yeye. Akiboronga anatozwa faini yeye. Na wazee hawahangaiki sana na jina lake, wanataka kujua ametumwa na ukoo gani.

Sasa nenda Mwanzo 16. Hapo ndo mara ya kwanza Biblia inamtaja malaika wa Bwana, na hajatumwa kwa Abramu wala kwa nabii yeyote, katumwa kwa Hajiri, mjakazi wa Kimisri, mjamzito, kakimbia mateso ya Sarai, mke wa Abramu, kakaa kwenye chemchemi ya njia ya Shuri. Malaika anamwambia "nitauzidisha uzao wako". Nitauzidisha, sio atauzidisha. Na Hajiri naye anajibu kama aliyeongea na Mungu mwenyewe, anampa hadi jina, Mungu aonaye. Hapa watu wamebishana tangu zamani, Justin Martyr, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, alisema huyo malaika wa Bwana ni Kristo kabla hajazaliwa, wengine wanasema ni mjumbe anayetumia nafsi ya aliyemtuma. Mimi naegemea kwa mshenga, ila sigombani na mtu.

Majina sasa, maana ndo swali lilikuwa hilo. Vitabu 66 vya Biblia vinataja malaika wawili tu wa Mungu kwa jina, Gabrieli na Mikaeli, Wakatoliki wanaongeza Rafaeli wa kitabu cha Tobiti. Basi! (Na cheo cha malaika mkuu, kwa taarifa yako, Biblia inampa Mikaeli kwenye Yuda 9, Gabrieli haijampa popote, tumempa sisi.) Manoa baba yake Samsoni alimuuliza malaika jina, akaulizwa naye, unaliulizia nini. Na Gabrieli kwa Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, hakuanza na jina, alianza na "usiogope" halafu ujumbe, jina alilitoa baada ya mzee kutilia shaka, na sikiliza anavyojitambulisha: "Mimi ni Gabrieli, nisimamaye mbele za Mungu, nami nimetumwa niseme nawe." Nimetumwa. Jina neno moja, kilichobaki chote ni habari za aliyemtuma.

Kwahiyo nikimsikia mhubiri, kama yule niliyempita karibu na stendi na spika yake, anawafundisha watu kuwaamuru malaika wao wakalete hela, najiuliza mshenga ameanza lini kutumwa na mtu yeyote anayepita barabarani. Yohana wa kitabu cha Ufunuo (sio Mbatizaji) kwenye sura ya 22 alianguka miguuni pa malaika amsujudie, akazuiwa palepale, usifanye hivi, mimi ni mjoli wako. Mjoli ni mtumwa mwenzako.

Ila stori ninayoipenda kuliko zote ni ya Kornelio, Matendo 10. Malaika anaingia kwa huyu akida, yaani ofisa wa jeshi la Kirumi, pale Kaisaria saa tisa mchana, na Injili hamhubirii kabisa, anampa maelekezo tu: tuma watu Yafa, mwulize Simoni aitwaye Petro, amefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko pwani. Yaani kama vile mtu anavyokuelekeza shuka hapo Majengo uliza kwa fundi viatu. Anaondoka. Kornelio anatuma watumishi wawili na askari, wanatembea kilomita kama 50, wanafika kesho yake Petro yuko darini ana njaa, wanalala, kesho yake wanaondoka naye, na mpaka wanamfikia Kornelio ni siku ya nne. Siku nne, kwa neno ambalo malaika angelisema kwa dakika tano! Na Petro alipoingia Kornelio akamwangukia miguuni, na Petro akamwinua akamwambia "Simama, mimi nami ni mwanadamu", ndo akaanza kuuliza wamemwitia nini.