Je, wajua kwa nini hakimu hakai kwenye mazungumzo ya kukiri kosa?

Kesi ya jinai inaweza kumalizika bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Wakili wa mshtakiwa anamwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, kwamba mteja wake yuko tayari kukiri, kisha pande mbili zinakutana na kuzungumza. Kenya iliuweka utaratibu huu kwenye sheria mwaka 2008, na Tanzania ikafuata mwaka 2019 ilipoifanyia marekebisho Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Mezani, wakili wa utetezi anaipitia hati ya mashtaka shtaka kwa shtaka. Lipi lina ushahidi mzito? Lipi linayumba? Anaweza kuomba shtaka kubwa liondolewe na mteja akiri dogo, au kati ya mashtaka matano abaki na mawili, alipe fidia na faini. Upande wa mashtaka nao unapata kitu: hukumu ya uhakika, fedha zinazorudi mapema, na mashahidi wasiozungushwa mahakamani miaka. Mwathirika wa kosa naye hushirikishwa pale inapowezekana. Si kila kosa linazungumzika, lakini. Sheria ya Tanzania ya 2019 iliyatoa uhaini, ugaidi na makosa ya kujamiiana yanayohusu watoto.

Hakimu yeye anakatazwa kabisa kushiriki. Mshtakiwa akisikia pendekezo kutoka kwa mtu yuleyule atakayemhukumu, atalikataaje? Na mazungumzo yakivunjika, hakimu aliyekuwepo atakuwa ameshamsikia akisema "nilichukua", halafu anatakiwa aisikilize kesi kana kwamba hakusikia kitu.

Kwa hiyo hakimu anaingia mwishoni, makubaliano yakiwa yameandikwa na kusainiwa. Mshtakiwa anaapishwa, kisha anaulizwa: umekubali kwa hiari yako? Kuna aliyekutisha au kukuahidi jambo? Unaelewa kwamba hakutakuwa na mashahidi wa kuhojiwa? Akisitasita, hakimu hapaswi kuyapitisha makubaliano. Kwangu mimi, dakika hizo chache ndizo zenye uzito kuliko hatua nyingine yoyote, na inasikitisha pale zinapoharakishwa.

Tatizo ni kwamba kuna shinikizo ambalo maswali hayo hayalifikii. Shtaka la utakatishaji fedha lilikuwa halina dhamana Tanzania utaratibu huu ulipoanza. Septemba 2019 Rais Magufuli alipomshauri DPP awape nafasi washtakiwa wa uhujumu uchumi wanaotaka kukiri na kurudisha fedha, watu 467 waliandika barua. Mwanahabari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa kukwepa kodi, kutakatisha fedha na kuongoza genge la uhalifu. Februari 2020, kwenye Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam, alikiri mawili ya kwanza, la genge likaondolewa, akatakiwa kulipa mamilioni ya shilingi, akarudi nyumbani. Alikuwa amekaa mahabusu takriban miezi saba.

Mtu wa namna hiyo akiulizwa kama amekiri kwa hiari atajibu ndiyo, kwa sababu jibu la hapana linamrudisha gerezani kusubiri upelelezi usiojulikana utakamilika lini. Mwenye hatia na asiye na hatia wote watajibu hivyohivyo. Ndiyo maana naamini suala la dhamana haliwezi kutenganishwa na suala la makubaliano: anayezungumza akiwa anatoka nyumbani kwake anaweza kusema hapana na bado akalala kitandani kwake.

Na hakimu akiyakataa makubaliano? Kwa sheria ya Kenya, yanakuwa batili, mshtakiwa anaandikwa kuwa amekana kosa, na yaliyosemwa kwenye mwenendo ule hayawezi kutumika dhidi yake kesi inaposikilizwa.